Kungwi Aliyekimbia Chumbani

Hebu niambieni, nani kati yenu amewahi kumwona mchinjaji akimkimbia kuku? Basi watu wa Zinga walimwona. Bi Mwanahija, kungwi aliyefunda wari miaka nenda miaka rudi, tangu Zinga hadi Mapinga, mwanamke ambaye kikohozi chake tu kilitosha kumnyamazisha mwari mwenye kiherehere, siku moja alikuwa ndani ya chumba, mlango umefungwa, mwari ameinamisha kichwa mkekani, makungwi wenziwe wamekaa pembeni. Akafungua kinywa aseme maneno ambayo kayasema mpaka anaweza kuyasema usingizini: "Mwanangu, nyumba ni kusitiriana. Ukiona la kukuumiza..." Maneno yakagoma hapo hapo. Moyo ukaanza kudunda kama unatafuta pa kutokea. Mikono ikafa ganzi, pumzi ikawa haishuki. Akainuka, akausukuma mlango, akakimbia. Hakutoka, jamani, alikimbia! Khanga yake moja ikabaki mkekani, na kandambili moja barazani.

Watu wana midomo. Wengine walisema ni utu uzima, wengine wakasema kapandisha pepo. Mwenyewe alisema ni joto, nyumba ya bati isiyo na dari. Lakini ni joto gani hilo linalomfuata mtu mpaka chini ya mkorosho? Maana tangu siku ile Mwanahija hakutulia. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Aliosha sufuria safi. Akiletewa chai anaiacha ipoe, anakwenda kutazama kuni. Akifika kwenye kuni anakumbuka kuku. Na kuku wenyewe wakimwona wanatawanyika, wamechoka kusumbuliwa. Alipanda gari kwenda Kiwangwa kwenye shamba lake la mananasi, akafika, akasimama, akageuza. Hata kwenye sala, tahiyatu aliipiga mbio kama mtu anayeitwa nje. Hilo lilimtisha kuliko yote. Kumkimbia binadamu mwenzio ni jambo moja, lakini kumkimbia Mola?

Na yote hayo yangeweza kusubiri, kama si Arafa. Arafa ni mjukuu wake, mtoto wa bintiye Mwaija, na alikuwa amechumbiwa na kijana wa Mapinga aitwaye Hamidu, fundi wa madirisha ya alumini, mpole mbele za watu na mwepesi wa shikamoo. Ndoa ilipangwa Shaabani, kabla ya mfungo. Kadi zilikwisha kugawiwa.

"Mama, kama huwezi, sema," Mwaija alimwambia mama yake. "Makungwi wapo, nitamwita mwingine. Usije ukanikimbia siku ya shughuli mbele ya wakwe, nikaficha wapi uso wangu?"

"Mimi kama si bibi, sifundwi na mtu," Arafa akadakia. "Mtanioza mbichi."

"Ebo! Mke mwenzangu huyu," Mwanahija akasema, maana ndivyo bibi na mjukuu wanavyotaniana. "Hata babu yako hakunisumbua hivi." Akacheka, lakini chini ya meza mguu wake ulikuwa ukitikisika wenyewe, na Arafa aliuona.

Basi moto ulikuwa hapo. Ama Mwanahija aingie chumbani na akae mpaka mwisho, ama mjukuu wake aende kwa mume bila neno la bibi yake. Naye alikwisha kuapa kwamba hilo la pili halitatokea akiwa hai.

Akaanza pale ambapo kila mtu huanzia. Alisomewa kisomo. Akaandikiwa kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, likaoshwa kwa marashi, akanywa. Usingizi ukarudi kidogo, mbio za moyo zikabaki. Akaenda hospitali, wakampima presha, wakampima sukari, wakambandika nyaya kifuani. Daktari, kijana wa kiume mwenye adabu, akatazama karatasi akatikisa kichwa.

"Moyo wako mzima, bibi. Mimi mwenyewe nautamani. Nenda kamwone Eufrazia hapa mjini. Yeye hatoi vidonge, anatibu kwa mazungumzo."

"Kwa mazungumzo!" Mwanahija akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mazungumzo ndiyo kazi yangu. Utamtuma kinyozi akanyolewe?"

"Si ndiyo wanasema kinyozi hajinyoi, bibi?"

Mwanahija akaokota mkoba wake, akaondoka bila kuaga vizuri.

Chumba cha Eufrazia kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa, mjini Bagamoyo: viti, feni, meza ndogo yenye jagi la maji. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtoto wa familia ya misheni, amesomea kazi hiyo chuo kikuu. Akainuka, akamwamkia kwa magoti nusu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeolewa?"

Mwenzangu, unadhani Mwanahija alikaa akajieleza? Thubutu! Kabla feni haijapata kasi alikwisha kujua kwamba Eufrazia ameolewa na mwalimu, kwamba mwalimu huyo ananuna badala ya kusema, na kwamba mama mkwe anakuja kila mwisho wa mwezi na hapendi chumvi. Akamfunda. Akamfundisha namna ya kumwambia mume neno gumu wakati wa kunawa, na namna ya kumwachia mama mkwe jiko kwa siku moja ili achoke mwenyewe. Saa ikaisha. Eufrazia akatabasamu.

"Ahsante, bibi, yote nimeyasikia, na mengine nitayachukua. Ila leo tumezungumza habari zangu tu. Umeona?"

Mwanahija akashtuka, akajitazama kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Wallahi hakuwa ameona.

Mara ya pili alikuja na maswali, maana hapendi kunyweshwa asichokijua. Hakuweza kukaa. Alizunguka chumba, akanyoosha pazia, akapanga bilauri zilizokwisha kupangwa. Eufrazia hakumkalisha.

"Tembea tu, bibi. Nitakusikia hata ukitembea."

"Haya, niambie. Dawa hii yako ni dawa gani?"

"Ni kuzungumza kwa utaratibu, na mtu aliyesomea kusikiliza, mpaka wewe mwenyewe uone kinachokusumbua na namna ya kuishi nacho au kukiondoa. Ninachokisikia hapa hakitoki nje, isipokuwa kama kuna maisha ya mtu yako hatarini. Na kuna namna nyingi. Wapo wanaorudi na mgonjwa nyuma, utotoni, kutafuta jambo lilianzia wapi. Wapo wanaoshughulika na mawazo yenyewe ya leo: unajiambia nini moyo unapoanza kwenda mbio, na je, ni kweli? Wapo wanaomsogeza mtu kidogokidogo kwenye kile anachokiogopa mpaka woga uchoke. Wapo wanaowaita mume na mke pamoja, au nyumba nzima. Na wapo wanaokalisha watu wenye msiba wa aina moja duara moja, wakasikilizana. Mimi Jumamosi nina duara la wanawake."

"Na wewe utanifanyia ipi?"

"Ile itakayokufaa. Tutajaribu."

"Ushauri hutoi?"

"Mara chache sana."

"Ajabu ya Mungu! Sasa mtu anakuja kufuata nini?" Mwanahija akasema. Lakini akarudi tena wiki iliyofuata, kwa sababu Shaabani ilikuwa inakuja na yeye hakuwa na pengine pa kwenda.

Wakaanza na mlango. Eufrazia alimfundisha kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, kisha akauacha mlango wazi, wakakaa. Siku nyingine wakaurudisha nusu, wakakaa. Moyo ulipopanda, Eufrazia alimwambia asikimbie, autazame tu unavyopanda na unavyoshuka. Na kweli ulishuka. Hatimaye mlango ukafungwa kabisa, komeo likapigwa, na Mwanahija akakaa humo akieleza namna ya kupika mchuzi wa pweza mpaka saa ikaisha. Akatoka amenyanyua kidevu. Akarudi Zinga, akamwita Arafa chumbani kwake, akafunga mlango.

"Kaa, mke mwenzangu, nikuonjeshe." Arafa akakaa mkekani. "Mwanangu, nyumba ni kusitiriana. Ukiona la kukuumiza..."

Yarabi! Kifua kikabana palepale. Akafungua mlango, akajitupa uwanjani, akashika mti wa mpapai, akapumua kama mtu aliyetoka kisimani. Arafa akabaki mkekani peke yake.

"Si mlango," Mwanahija alimwambia Eufrazia siku ya pili yake. Hakuwa na zamu siku hiyo, alikuja tu. "Mlango wa watu niliusingizia. Ni yale maneno."

"Maneno yepi?"

Mwanahija akazunguka chumba. Akazunguka tena. Kisha akasimama dirishani, akampa mgongo, akasema. Alikuwa na mwari anaitwa Habiba. Mtoto mzuri, msikivu, ukimwambia neno halianguki chini. Alimfunda kama alivyofundwa yeye na kama walivyofundwa waliomtangulia: ya ndani usiyatoe nje, mume akikukosea vumilia, mwanamke ni stara. Mume akawa mtu wa mkono. Habiba akaja usiku mmoja, mdomo umevimba. Mwanahija akampa uji, akamsitiri mpaka alfajiri, akamrudisha. Baadaye yule mwanamume akamchapa kwa mkanda, bizimu ikampata jichoni. Mume yuko gerezani. Habiba yuko kwa mama yake Mapinga, ana genge, anauza nyanya kwa jicho moja.

"Mimi sikushika mkanda," Mwanahija akasema. "Lakini nani alimwambia akae?"

Akalia. Yeye aliyefundisha wari kulia kwa khanga mdomoni, alilia kwa sauti, na mteja dukani akanyamaza kusikiliza. Eufrazia alimwacha alie. Hakumwambia "basi, bibi," hakumwambia si kosa lako. Alipomaliza, akachukua kiti cha tatu, akakiweka mbele yake.

"Kuna namna moja, bibi, kama utapenda. Tufanye Habiba amekaa hapa. Mwambie unayotaka kumwambia. Mimi nipo nawe."

Mwanahija akakitazama kiti. Akamtazama Eufrazia. Akakitazama tena kiti.

"Mwanangu, umesoma sana, na mimi nakuheshimu. Lakini niseme na kiti kwa nini, na mwenyewe yuko Mapinga?"

"Kiti hakiumii, bibi," Eufrazia akasema. "Habiba anaweza kuumia."

Lakini alisema na mgongo. Mwanahija alikwisha kutoka, huyo, mbio, na safari hii alijua anakokimbilia.

Alimkuta Habiba gengeni, kando ya barabara, akipanga nyanya kwa mafungu. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba, kovu limeshuka mpaka shavuni. Alipomwona somo yake, yaani kungwi aliyemfunda, aliruka, akafuta mikono, akapiga magoti kwenye mchanga mbele ya wateja, akamshika mkono.

"Shikamoo, somo yangu."

"Marahaba. Habiba, nimekuja kutaka radhi. Yale niliyokwambia..."

"Nimekusamehe, somo. Yamekwisha. Ilikuwa kudura ya Mungu." Akamtolea kigoda, akamchagulia papai lililoiva, akamfungia na bamia. Mambo yote hayakuchukua muda wa kuchemsha chai.

Mwanahija akarudi Zinga mwepesi. Akala wali. Akamtania Mwaija. Akalala. Na alfajiri, kabla ya adhana, akaamka amekaa kitako kitandani, moyo unadunda vibaya kuliko siku zote, akaanza kufagia uwanja gizani. Hata yeye hakujua kwa nini. Kasamehewa, sasa nini tena?

"Nisimulie alivyokusamehe," Eufrazia akamwambia.

"Alipiga magoti. Akanishika mkono. Akasema yamekwisha, kudura ya Mungu. Akanipa kigoda, akanifungia papai na..." Mwanahija akakoma. "La haula. Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Ulimfundisha nini?"

"Hayo. Somo akija, magoti. Somo akitaka neno, mpe. Mwari hamwambii somo yake hapana, hata akiwa na moto kifuani. Nimekwenda kumwomba radhi mtoto niliyemfunga mdomo kwa mkono wangu!" Akajipiga paja. "Nimemfunda tena, mwanangu. Pale pale gengeni, mbele ya nyanya zake, nimemwambia tena avumilie."

Eufrazia akasema, "Na mimi nilikosea. Nilipaswa kukuzuia, tukazungumza kwanza kama yeye yuko tayari kukuona."

"Usingenizuia," Mwanahija akasema. Na hilo lilikuwa kweli.

Safari hii alituma neno. Alimtuma Mwaija akamwambie Habiba hivi: Mwanahija anataka kuja, si kama somo bali kama mtu aliyemkosea, na akikataa hakuna atakayemlaumu. Jibu lilikawia. Mwanahija alipasua kuni zote za nyumbani akasogea kwa jirani. Shaabani ikaandama. Mwishowe jibu likaja: aje Alhamisi, mchana, wakati hakuna wateja.

Habiba hakupiga magoti. Alimwamkia kwa mdomo, akabaki amesimama nyuma ya meza ya genge. Mwanahija akaketi chini, kwenye gunia, chini ya mwari wake, na wapita njia waliomjua wakageuza shingo.

"Mimi si somo yako tena," akasema. "Nimekuachia. Sema lolote, au usiseme."

Habiba akapanga nyanya. Akazipangua, akazipanga tena. Alipoanza kusema, sauti ilikuwa ndogo na haikutetemeka.

"Wewe unakumbuka ule usiku wa uji."

"Nakumbuka."

"Ulinisifu. Mdomo umevimba hivi, ukanisifu kwamba nina subira, ukasema umejivunia kunifunda. Nikarudi kwangu nafurahi. Nikafurahi, Bi Mwanahija! Halafu nikaja tena usiku mwingine, baada ya Idi. Huo hukumbuki. Hukufungua. Ulisema nami dirishani, ukasema, 'Rudi kwa mumeo, mwari wangu, usinitie aibu, nina wageni.' Nikarudi. Wiki ile ile ndiyo ya bizimu."

Mwanahija alikuwa ameusahau usiku huo. Hakuusahau kwa makusudi, lakini aliusahau, na sasa ukarudi wote: kelele za wageni ukumbini, mkono wake ukishusha pazia. Moyo ukaanza mbio. Akautazama unavyopanda. Hakuinuka.

"Sijakusamehe," Habiba akasema. "Siku ile nilisema kwa adabu. Labda itakuja siku, sijui. Leo haipo."

"Nimesikia." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Nina mjukuu anaolewa. Nataka kumwambia habari hii. Usipotaka, nitanyamaza."

Habiba akamtazama kwa jicho lake moja, kwa muda mrefu.

"Mwambie," akasema. "Mwambie na jina langu. Na dirisha usiliache."

Alipoondoka pale aliumia. Nani angesema hakuumia? Alitembea kando ya barabara akajikwaa mara kwa mara. Alikuwa amekwenda kutafuta msamaha, akarudi na dirisha. Lakini uwanja wa nyumba yake, usiku ule, haukufagiliwa. Alimweleza Eufrazia yote, na Eufrazia akamuuliza kama Habiba mwenyewe ana wa kumsikiliza. Mwanahija akasema alimtajia lile duara la Jumamosi, naye Habiba akasema ataona. "Na mimi nitapona lini?" akauliza. Eufrazia akasema moyo wake pengine utakuwa ukienda mbio siku nyingine mpaka uzeeni, na kwamba mtu anaweza kukaa chumbani na moyo unaokwenda mbio. Mwanahija akasema hiyo dawa ina uchungu. Akaulizwa kama yupo tayari. Akasema hayupo, ila shughuli ni Jumamosi.

Siku ya shughuli uwanja wa Mwaija ulijaa. Ngoma inalia, masufuria ya pilau yamebandikwa nyuma ya nyumba, wakwe kutoka Mapinga wameketi kwenye jamvi la mbele wakipepewa. Kila mmoja alikuwa na jicho moja kwenye ngoma na jingine kwa Mwanahija: je, leo atakimbia? Akapita katikati yao. Akaingia chumbani. Arafa alikuwa mkekani, amefunikwa khanga gubigubi, ananukia liwa na asumini. Kungwi mwenzake akafunga mlango, akakaa pembeni.

Moyo, huo ukaanza.

"Mke mwenzangu," Mwanahija akasema, na sauti yake ilikuwa kavu, "jifunue. Leo nataka uniangalie usoni." Arafa akajifunua. "Bibi zako walinifunda maneno, nami nimewafunda watu maneno hayo, na mengine ni mazuri, nitakupa. Lakini kwanza nitakwambia habari ya Habiba wa Mapinga, aliyekuwa mwari wangu."

Akasema. Akasema ya uji, akasema ya sifa. Alipofika dirishani pumzi ikagoma, jasho likamtiririka mpaka kidevuni, mkono ukatafuta mlango wenyewe. Kungwi mwenzake akainuka amshike. Mwanahija akamkataza kwa kichwa. Akavuta pumzi, akaitoa, akaendelea, akasema pazia, akasema wageni, akasema bizimu. Nje ngoma ilikuwa imepamba moto.

"Alikusamehe, bibi?" Arafa akauliza.

"Hapana."

Arafa akainama. Akaikunja ncha ya khanga yake, akaikunjua. Kisha akasema polepole, bila kuinua uso:

"Bibi, Hamidu alinipiga kofi. Mwezi wa Rajabu, nyumbani kwa mama yake, nilipochelewa kupokea simu. Akaomba radhi sana. Akanunua simu mpya."

Ngoma ikalia. Kungwi mwenzake akakohoa, akasogea mbele, akasema kwa sauti ya upole, ile ile ya siku zote: "Kofi moja tu, mwanangu? Wanaume ndivyo walivyo kabla hawajatulia. Ukimjulia..."

"Nyamaza," Mwanahija akamwambia.

Na hapo maneno yote aliyowahi kuyajua yalimjia mdomoni kwa pamoja. Yalikuja maneno ya stara, na maneno ya wakwe waliokaa jamvini, na ya kadi zilizogawiwa, na ya Mwaija na uso wake. Yalikuja pia maneno mapya, makali, ya kumwambia mtoto toka, kimbia, usithubutu. Yote alikuwa nayo, na yote yalikuwa yake, si ya Arafa. Akayameza. Akasogea mkekani mpaka magoti yao yakagusana, na akamuuliza mwari swali ambalo tangu aanze kazi hajapata kumuuliza mwari yeyote.

"Wewe unataka nini?"

Arafa hakujibu. Mwanahija hakumsaidia. Nyuma ya nyumba mtu aliita maji ya kuongezea pilau. Mbele vigelegele vilipanda vikashuka. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio vilevile, naye akakaa nao, mikono magotini, akimsubiri mjukuu wake.

"Sitaki," Arafa akasema mwishowe. "Sitaki kwenda kwake, bibi. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Mwanahija akambusu kipaji cha uso. Kisha akainuka, akajifunga khanga vizuri kiunoni, akafungua mlango, akaenda kuwaambia wapishi waepue masufuria, harusi hakuna.